Nyumba Isiyopumua

Eberhard Schwenkedel hakuwa bahili. Bahili ni mtu anayeona uchungu kutoa pesa, na Eberhard hakuwahi kuufikia huo uchungu kwa sababu hakuwahi kuufikia utoaji wenyewe. Hapo Oberlauben, kijiji cha Ujerumani kilichojibanza chini ya milima ya Alb, watu walimwona mtu wa kawaida tu, tena wapo waliosema uzee umeanza kumlegeza, maana mwaka juzi alionekana mgahawani akinywa bia ya pili.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Thelathini na tisa kati ya hiyo aliitumia kwenye kiwanda kimoja, akichonga meno ya gia kwa vipimo ambavyo mbele yake unywele wa binadamu ni gogo. Kazi hiyo humharibu mtu. Nyumbani alipima mshumaa wa Krismasi kabla na baada ya kula. Glasi zote za kabatini kwake zilianza maisha dukani, zikiwa na haradali ndani. Hata pete ya ndoa ya mkewe aliichonga mwenyewe kutokana na kipande cha chuma kilichobaki kiwandani, na ukimtania kuhusu hilo atakujibu kwa fahari kwamba mpaka leo haijashika kutu.

Mkewe, Roswitha, aliuza mikate kwenye duka la mwokaji. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mashavu mekundu na subira ya nyumbu. Kwa miaka ishirini na sita waliishi ghorofa ya pili kwenye nyumba ya kupanga yenye familia nne, na humo mlikuwa na kibao cha mbao. Kikitundikwa mlangoni kwako, wiki hiyo zamu ya kufagia ngazi ni yako, na kibanda cha takataka, na njia ya mbele mpaka barabarani. Bibi wa ghorofa ya chini alikuwa akipitisha kidole kwenye kona za ngazi kisha anakitazama. Roswitha alifagia mbele ya kile kidole miaka ishirini na sita bila kulalamika, kwa sababu siku ya harusi yao Eberhard alimwahidi jambo moja.

"Nitakujengea nyumba," alimwambia. "Na humo ndani nitakujengea jiko la vigae, lenye benchi."

Roswitha hakutaka kingine. Bibi yake alikuwa na jiko la namna hiyo, la kupasha nyumba joto, refu kama mtu, la vigae vya kijani, na benchi ya mbao imelizunguka. Unakaa pale, unaegemeza mgongo kwenye vigae, na baada ya robo saa mifupa yako inaanza kusameheana. Roswitha alijifunza kusoma kwenye benchi hiyo, akang'oka meno ya utoto juu yake, na hapo hapo ndipo alipoposwa, ingawa Eberhard hukumbuka zaidi kwamba kuni za siku ile zilikuwa mbichi.

Basi shangazi yake Eberhard, Bi Ottilie, akafa akiwaachia kiwanja chenye nyumba kuukuu na banda. Nyumba ilikuwa ya kubomoa. Mwenye buldoza alipofika, Eberhard alimwomba asubiri siku tatu. Alisema anataka kuiaga. Watu walishangaa, kwa kuwa hata shangazi mwenyewe alimuaga kwa dakika kumi.

Halafu akaja Svenja.

Svenja Rapp alikuwa mshauri wa nishati, msichana wa miaka ishirini na tisa aliyekuja kwa baiskeli na kuketi jikoni kwao bila kuvua kofia ngumu ya baiskeli. Alifungua kompyuta yake, akakataa keki mara moja, akakubali mara ya pili kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Bwana Schwenkedel," alisema, "unaweza kujenga nyumba ya kawaida, inayotimiza sheria, mambo yakaisha. Au unaweza kujenga nyumba ya daraja la juu, ile isiyopoteza joto. Hiyo ya pili serikali inaitolea ruzuku."

"Ruzuku. Maana yake wananipa?"

"Wanakukopesha kwa riba ndogo, kisha sehemu ya mkopo wanaisamehe. Kwenu itakuwa kama euro thelathini elfu."

Eberhard aliweka penseli mezani. Penseli hiyo ilikuwa fupi kama jino. Aliichomeka kwenye bomba la alumini ili aweze kuishika.

"Thelathini elfu," alisema kwa sauti ya kanisani. "Na mimi nifanye nini?"

"Ujenge nyumba isiyovuja hewa. Kuta nene zilizojazwa pamba ya mawe ya kuzuia joto lisitoke, madirisha ya vioo vitatu, pampu ya joto, na mashine ya kubadilisha hewa."

"Na hayo yote yanazidi nyumba ya kawaida kwa kiasi gani?"

"Kwa elfu arobaini na sita."

Roswitha, ambaye maisha yake yote alirudisha chenji bila kugusa mashine, aliinua kichwa.

"Kwa hiyo wanakupa thelathini ili utumie arobaini na sita."

"Roswitha, usiingilie. Hii ni hesabu."

"Ndiyo maana naingilia."

Eberhard alikwisha kuanza kuandika nyuma ya bahasha. Zinabaki elfu kumi na sita. Nyumba ya namna hiyo, alivyosema Svenja, itamwokolea kama euro mia nne za joto kila mwaka. Kumi na sita elfu gawanya kwa mia nne ni miaka arobaini. Jumlisha hamsini na nane.

"Tisini na nane," alisema.

"Tisini na nane nini?" akauliza Svenja.

"Nikifika miaka tisini na nane, nyumba itakuwa imejilipa. Bibi yangu alikufa ana tisini na tisa, na hapo ni kwa sababu alianguka kutoka juu ya mti wa cheri. Nabakiwa na mwaka mzima wa faida."

Svenja alikuwa binti mkweli, na ukweli kwenye biashara ni ugonjwa. "Bwana Schwenkedel, nikuambie wazi. Kwa pesa peke yake, mizani inayumba. Umeme ukipanda bei, umepata. Ukishuka, umekosa. Wengine hujenga hivi kwa ajili ya dunia."

"Dunia," alisema Eberhard kwa adabu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la ndugu wa mbali.

Huenda angeiacha ruzuku ile kama si Volkmar. Volkmar alikuwa kaka yake Roswitha, na hapakuwa na ruzuku iliyopita Ujerumani bila kusalimiana naye. Alilipiwa paa la umeme wa jua, akalipiwa madirisha, akalipiwa baiskeli ya umeme. Serikali ingetangaza ruzuku ya kupiga chafya angeshinda amejitia pilipili puani. Jumapili ile alikuja kula dengu na tambi za mayai, na aliposikia habari akaweka uma chini.

"Shemeji, eti unafikiria? Unafikiria nini? Ile ni kodi yako mwenyewe inarudi nyumbani. Usipoipokea wewe, atapokea mwingine. Labda mtu wa Berlin."

"Usimtie maneno," alisema Roswitha.

"Simtii maneno, dada. Nauliza tu. Siku moja watu watapita pale barabarani waseme, yule ndiye Schwenkedel, aliyeachia elfu thelathini mezani akaenda zake. Watasema mchana kweupe."

Eberhard hakumaliza dengu zake, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alizifunika kwa sahani, akaziweka kwenye friji, na kesho yake akampigia Svenja simu.

Ndipo likaja suala la jiko.

Svenja alikuwa ametandaza ramani mezani. Akaweka kidole sebuleni. "Na hili duara ni nini?"

"Ni jiko langu," alisema Roswitha.

"La kuni?"

"La vigae. Na hiyo mistari ni benchi."

Svenja akajikuna chini ya kofia. "Bi Schwenkedel, jiko la kawaida linavuta hewa ya chumbani, na dohani ni tundu. Kwenye nyumba isiyovuja ni sawa na kuwasha moto ndani ya chupa. Yapo majiko maalumu, yenye bomba lake la hewa kutoka nje na mlango unaoziba kabisa. Likijengwa na mafundi ni kama elfu kumi na nne. Ila nisiwafiche: nyumba hii itapata joto kwa miili yenu miwili na birika la chai. Mkiwasha jiko mtaiva."

Eberhard alichukua ufutio, akalifuta lile duara taratibu, akafuta na benchi, kisha akapuliza vumbi asichafue karatasi.

Roswitha alitazama pale peupe palipobaki. Hakupiga kelele. Na mke asiyepiga kelele ni wa kuogopwa kuliko anayerusha sahani, kwa kuwa sahani walau unajua zimebaki ngapi.

"Na madirisha?" aliuliza mwishowe.

"Hayana haja ya kufunguliwa," alisema Svenja. "Mashine ndiyo inabadilisha hewa."

Hilo ndilo lililouma zaidi. Oberlauben madirisha hufunguliwa asubuhi na jioni, dakika kumi, wazi kabisa, kuwe na theluji, kuwe na mtoto mwenye mafua, kuwe na maiti ndani. Imeandikwa mpaka kwenye mikataba ya kupanga. Asiyefungua madirisha yake husemwa kuliko asiyelipa kodi.

"Hewa ya bombani," alisema Roswitha. "Nani ameshaivuta kabla yangu?"

Akainuka, akafungua dirisha la jikoni, karatasi zote za ruzuku zikaruka mpaka chini ya kabati.

Maombi yakapelekwa, yakakubaliwa, na kazi akapewa Albrecht, fundi seremala, binamu yake Roswitha, mtu mwenye ndevu za mbuzi na hamu ya kula isiyo na adabu. Mwezi Septemba mbao za paa zilisimama, na desturi ikabidi ifuatwe. Kijiji chote kilikuja. Albrecht alipanda juu akiwa na kofia yake pana na suti nyeusi ya ufundi, akaufunga msonobari mdogo wenye utepe kwenye kilele, akaimba mashairi ya kuibariki nyumba na wenyewe, akanywa glasi nzima, kisha akainua mkono airushe chini. Glasi ikivunjika, nyumba ina heri. Isipovunjika, kila mtu anajua.

Sasa, glasi hutolewa na mwenye nyumba. Mwenye nyumba mwenye akili hutoa glasi nyembamba ya mvinyo, yenye shingo kama ya korongo. Eberhard alitoa ya haradali.

Ilipaa angani, nene na nzito, ikametameta kidogo juani, ikashuka juu ya marobota thelathini na manane ya pamba ya mawe yaliyopangwa ukutani yakisubiri ruzuku. Ikatua pale bila sauti, kama yai kwenye kiota.

Bibi mmoja alijikunyata kwenye shali yake. Albrecht, huko juu, aliitazama glasi, akamtazama Eberhard, akautazama msonobari kama anayeomba radhi.

"Nyumba hii itapatikana na kasoro," alisema Volkmar kwa sauti ya kusikika.

Lakini Eberhard alikuwa amekwisha kuikimbilia. Aliiokota, akaizungusha juani, uso ukamng'aa. "Haina hata ufa!" aliwatangazia watu wote, akaifuta kwa shati na kuitia mfukoni.

Roswitha alimsubiri Albrecht ateremke, akamvuta pembeni pamoja na sinia la keki ya vitunguu, wakazungumza kwa muda ambao keki nusu ilimalizika. Tangu siku hiyo kila Ijumaa Roswitha alimpelekea fundi keki ya vitunguu, sinia zima, ingali moto. Eberhard aliona, akaridhika: vitunguu vilikuwa vya shambani kwao.

Mwezi Machi nyumba ilikuwa imefungwa madirisha na milango, ikabaki kipimo. Svenja alieleza kipimo hicho mara tatu, na mara zote Eberhard alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za peponi. Feni kubwa inafungwa mlangoni, inavuta hewa ya ndani itoke nje. Kama nyumba ina mianya, hewa itaingia kupitia hiyo, na mashine itasoma namba. Namba isizidi sufuri nukta sita. Ikizidi, hakuna cheti, na pasipo cheti elfu thelathini zinabaki huko huko zilikotoka.

Habari zilienea. Volkmar alikuja na kiti cha kukunja. Albrecht alikuja kwa kuwa alikuwa fundi, akasimama karibu na kikapu cha mikate ya mafundo kwa kuwa alikuwa Albrecht. Roswitha alikaa juu ya ndoo ya rangi, mikono mapajani.

Feni ikanguruma. Nailoni zilizotandwa kutani kuzuia hewa zikajaa kama mashavu. Eberhard alisimama nyuma ya Svenja akisoma namba kwenye kompyuta huku midomo ikicheza.

"Moja nukta moja," alisema Svenja.

"Rudia."

Akarudia. "Moja nukta moja."

Rangi ikamtoka Eberhard. Mtu aliyechonga meno ya gia miaka thelathini na tisa bila kurudishiwa hata moja, leo nyumba yake inavuja kama kapu.

"Tutautafuta mwanya," alisema Svenja, akatoa kijiti cha kufukiza moshi.

Wakaanza msafara: Svenja mbele na moshi wake, Eberhard nyuma na tochi, Volkmar nyuma yao na kiti. Kwenye madirisha moshi ulipanda wima. Kwenye soketi, wima. Kwenye kizingiti, wima. Eberhard akaanza kuvimba kichwa upya. Wakaingia sebuleni, wakafika pembe ya kaskazini, na hapo moshi ukapinda ghafla kama mbwa aliyesikia akiitwa.

Palikuwa na ubao ukutani, umepigwa misumari midogo minne. Eberhard alikuwa ameuona mara nyingi, akadhani ni wa kuzuia vumbi. Akaung'oa. Nyuma yake palikuwa na tundu la duara, upana wa sahani ya chai, limepita ukuta mzima mpaka nje, na limejazwa magazeti ya matangazo yaliyokunjwakunjwa.

Aliyachomoa magazeti. Upepo wa Machi ukamvuma usoni. Akaingiza mkono, akazungusha vidole. Kingo zilikuwa laini, zimezungushiwa mkanda wa bati, mbao za pembeni zimeachiwa nafasi ya kutosha zisishike moto. Hilo halikuwa kosa. Kosa huwa na kingo mbaya.

"Albrecht!"

Albrecht alimeza mkate. "Mimi ni fundi. Niliambiwa toboa, nikatoboa."

"Uliambiwa na nani?"

"Na keki ya vitunguu."

Watu wote wakageuka kwenye ile ndoo ya rangi. Roswitha hakuona sababu ya kusimama.

"Ni tundu la dohani," alisema. "La jiko langu."

"Ni tundu la elfu thelathini!" Sauti ya Eberhard ilipanda mpaka ikakatika. "Elfu thelathini, Roswitha, zinatoka nje kupitia hapa, na magazeti ya matangazo juu!"

"Magazeti yalikuwa ya bure."

"Bwana Schwenkedel," aliingilia Svenja, "si msiba. Mkilijaza na kuliziba vizuri leo, nakuja kupima tena wiki ijayo, cheti kinatoka. Au—"

"Hakuna au! Albrecht, leta pamba."

"Ziba," alisema Roswitha, naye sasa akasimama. "Ziba kabisa, mimi mwenyewe nitakushikia tochi. Ila kabla hujaziba, mume wangu, twende bandani kwa marehemu shangazi, ukawaoneshe hawa watu kilichopo nyuma ya pipa la pombe ya tufaha."

Eberhard, ambaye dakika ile alikuwa mweupe, akawa mwekundu kuanzia shingoni.

Volkmar akaacha kukikunja kiti. "Nyuma ya pipa kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema Eberhard.

"Basi twende tukakione," alisema Volkmar, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikiacha kiti chake nyuma.

Walivuka matope, wakalisukuma pipa. Nyuma yake palipangwa makasha ya mbao kumi na manne, yamefunikwa kwa turubai na turubai imefungwa kwa kamba yenye fundo ambalo Eberhard peke yake alijua kulifungua. Roswitha alilifungua. Ndani ya kila kasha mlikuwa na vigae vya kijani, vile vizito vya zamani, kila kimoja kimesafishwa masizi kwa mswaki, kimefungwa kwa gazeti na kuandikwa namba kwa chaki. Vigae mia mbili na kumi na viwili. Juu kabisa palilala mchoro wa jiko la Bi Ottilie kabla ya kubomolewa, umechorwa kwa kipimo cha milimita, na kila kigae kimeoneshwa mahali pake. Hizo ndizo siku tatu alizokuwa akiiaga nyumba.

"Nilitaka kuviuza," alisema Eberhard.

"Kwa nani?" aliuliza Roswitha.

"Yupo mtu Stuttgart. Ananunua vitu vya kale."

"Amekupigia mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba bei haitoshi."

"Alitoa bei gani?"

Eberhard alitazama viatu vyake. "Alisema nitaje mwenyewe."

Volkmar aliangua kicheko mpaka akashikilia pipa. Hata Svenja aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Roswitha hakucheka. Alichukua kigae namba moja, akakipangusa kwa aproni, akamwekea mumewe mkononi.

"Mtu anayesugua vigae mia mbili kwa mswaki ameshajenga jiko, Eberhard. Kilichobaki ni kumwambia mkewe."

Eberhard alikipima kigae mkononi. Wote waliona anahesabu. Midomo ilikuwa ikicheza. Upande mmoja wa mizani elfu thelathini. Upande wa pili ile benchi aliyoifuta kwa ufutio, na ahadi ya miaka ishirini na sita, na kidole cha bibi wa ghorofa ya chini. Kwa mtu mwingine pengine mizani ingelala pale pale. Lakini yeye alikwama kwenye vigae. Vigae vizima, visivyo na ufa, vilivyogharimu sufuri, vimekaa tu bandani. Jambo hilo lilimkereketa kama kuona mtu akitupa mkate.

"Svenja," alisema. "Ulisema 'au'."

"Nilisema au," alisema Svenja, akifuta machozi ya kicheko. "Kama vigae mnavyo, na kujenga unajenga mwenyewe, mnachonunua ni tumbo la chuma la kuwashia moto, lenye mlango usiovuja na bomba lake la hewa. Elfu tano na mia tano, hivi. Mnalifunga bomba na dohani vizuri pale penye tundu, mlango wa jiko ukiwa umefungwa tunapima upya. Nitaliingiza jiko kwenye hesabu za nyumba. Daraja halishuki."

"Mlango usiovuja. Usiovuja kiasi gani?"

"Unavyoweza."

Hapo Eberhard alitabasamu, na waliomjua wakajua kiwanda kimefunguliwa. "Mimi naweza sana," alisema. Kisha akamgeukia mkewe, akakohoa, akatamka neno tamu kuliko yote aliyowahi kumwambia tangu harusi.

"Itakuwa upotevu kuviacha hapa."

Roswitha alilipokea kama lilivyo. Albrecht aliona wakati umefika wa kuuliza kama Ijumaa keki bado ipo.

Eberhard alilijenga jiko kwa miezi miwili, jioni na Jumamosi. Mlango wa tumbo la chuma, uliotoka kwa watengenezaji wake na cheti cha kutovuja, aliung'oa, akaupima, akausikitikia, akausugua upya kwa unga wa kusagia mpaka ukifungwa unatoa sauti ya busu. Svenja alirudi na feni yake na kijiti chake cha moshi. Moshi ulisimama wima nyumba nzima. Mashine ikasoma sufuri nukta nne. Volkmar alikikunja kiti chake bila neno, kwa sababu kwake ni sufuri nukta tano.

Ruzuku ikaja. Wakahamia. Na Jumapili moja ya Januari, baada ya chakula cha mchana, theluji ikianguka na kijiji kizima kimelala, Roswitha alivaa soksi zake za sufu na kuomba jiko liwashwe kwa mara ya kwanza.

Eberhard aliweka magogo matatu aliyoyapima uzito. Vigae vikaanza kupata joto, kijani chake kikakolea. Roswitha aliketi kwenye benchi, akaegemeza mgongo, akafumba macho. Robo saa ikapita, na Eberhard alimwona akishusha mabega ambayo kwa miaka ishirini na sita alidhani ndivyo yalivyoumbwa.

Kipima joto cha ukutani kilisoma ishirini na mbili. Gogo la pili liliposhika, ishirini na sita. Pampu ya joto ilikwisha kujizima kwa aibu. Mashine ya hewa ilipandisha sauti kama mzee aliyekabwa na tambi. Ishirini na tisa. Eberhard alivua sweta. Thelathini na moja. Akavua shati, akabaki na fulana, jasho likimtiririka kwenye masikio. Joto halikuwa na pa kwenda. Nyumba haikuvuja; alikuwa na cheti.

"Roswitha," alisema kwa sauti nyonge. "Naiva."

"Svenja si alikuambia?"

Roswitha aliinuka pole pole, akalifungua dirisha la sebule wazi kabisa. Akafungua la jikoni. Akapanda juu, akafungua na ya vyumbani, yote, vioo vitatu vitatu, na baridi ya milima ya Alb ikaingia ndani kama jamaa walioalikwa. Theluji ikatua kwenye zulia. Roswitha alivuta pumzi moja ndefu, ya watu wa Oberlauben, kisha akarudi kwenye benchi yake.

Barabarani Volkmar alikuwa akipita na baiskeli yake ya umeme. Akafunga breki.

"Shemeji! Ndiyo nini hiyo? Unaipasha moto barabara?"

"Tunabadilisha hewa!" alijibu Eberhard kutoka ndani, akiwa na fulana.

"Si una mashine ya hewa?"

"Leo Jumapili! Imepumzika!"

Kisha naye akaenda kuketi kwenye benchi, kando ya mkewe, mgongo kwenye vigae. Alitoa bahasha na ile penseli ya alumini. Elfu kumi na sita, ongeza tano na mia tano za jiko, gawanya kwa mia nne, jumlisha hamsini na nane, na hapo hajaingiza joto lililokuwa likitoka dirishani kuelekea kwa Volkmar.

"Mia na kumi na mbili," alisema hatimaye.

"Mia na kumi na mbili nini?" aliuliza Roswitha bila kufumbua macho.

"Ndipo itakapojilipa."

"Basi punguza soseji, ili ufike."

Mbele ya mumewe, kwenye kiti, palikuwa na sahani yenye soseji moja na glasi ya maji, ile ile nene iliyorushwa na Albrecht. Eberhard aliitazama soseji kwa muda mrefu. Akaikata katikati kwa uangalifu mkubwa, akala nusu, na nusu nyingine akaifunika kwa ajili ya kesho.